Bibi anabembeleza mdoli kutwa, na mwenzangu kazini anayo sita nyumbani: hawa wana ugonjwa gani?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Tanga, nipo Uingereza huku Yorkshire, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kuna bibi mmoja ana dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, amepewa mdoli unaofanana na mtoto mchanga kabisa, anaubeba kutwa nzima, anauimbia, na meneja anataka na sisi tuuchukulie kama mtoto, tuulize kama amelala vizuri. Mi naona ni kumdanganya mtu mzima. Binti yake akija kumtembelea anakasirika hadi machozi. Halafu nikaja kugundua mama mmoja tunayefanya naye shifti, ana miaka arobaini na kitu, akili timamu kabisa, nyumbani kwake ana midoli kama hiyo sita, ina nguo, ina vitanda, ina mpaka kigari cha kusukuma. Alinionyesha mwili ukanisisimka. Nikamsimulia mama kwa simu akasema hayo ni mashetani nikae nayo mbali. Sasa hawa watu wana ugonjwa gani, na mimi nifanyeje na yule bibi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usiwaweke hao wawili kapu moja, maana ndio kosa ambalo karibu kila mtu analifanya kwenye hii mada. Huyo mwenzako wa kazini anajua fika kwamba ameshika plastiki, ukimuuliza hata bei atakutajia. Bibi ni tofauti, yeye kuna saa anajua, kuna saa hajui, na kuna saa ambazo hata neno "kujua" lenyewe halimfiti vizuri. Kitu pekee wanachofanana ni kwamba wote wawili wameguswa na kitu ambacho na wewe unacho, na mimi ninacho, na mama yako pia anacho, kwa hiyo tuanzie hapo.

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, yule mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliandika kwamba kuna umbo fulani likipita mbele ya macho yetu linatuvuta tutake kulea: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji la uso lililotokeza, macho makubwa yaliyokaa chini kidogo usoni, mashavu ya mviringo, vijimkono vifupi vinene. Ndio maana unamuonea huruma kifaranga na mtoto wa mbwa ila kuku mzima unamuwazia mchuzi. Baadaye vikaja vipimo vya ubongo, mwaka 2008 timu ya Oxford ya Morten Kringelbach ikaona watu wakionyeshwa sura ya mtoto mchanga, sehemu moja ya mbele ya ubongo iliyo juu ya macho inaitika ndani ya milisekunde 130 hivi, na sura ya mtu mzima haileti mwitiko huo. Yaani kabla hujajiambia "huyu ni mtoto" ubongo ushaanza kushughulika. Sasa mdoli ukishafanana vya kutosha unapita humo humo, haubishi hodi.

Na hii midoli, wenyewe wanaiita riboni, kutoka neno la Kiingereza "reborn", yaani aliyezaliwa upya, imetengenezwa makusudi ipite humo. Haitoki kiwandani hivyo unavyoiona, kuna fundi anachukua mdoli wa vinaili mtupu, anaupaka rangi tabaka baada ya tabaka na kila tabaka linachomwa kwenye oveni, anachora vimishipa vya bluu na wekundu wa kisigino, nywele za sufu ya mbuzi zinachomekwa kwa sindano moja moja, halafu ndani unajazwa shanga ndogo ndogo za kioo mpaka uzito ufike kwenye kilo mbili tatu, na shingo inaachwa legevu ili ukiubeba mkono wako wenyewe uende kushika kichwa. Hapo kwenye shingo ndipo penye ujanja wote, maana macho unaweza kuyaambia ni plastiki, mkono hausikii. Kazi nzuri inauzwa dola mamia kadhaa na ile ya silikoni inafika maelfu. Mwaka 2016 huko Keene, New Hampshire, polisi alivunja kioo cha gari lililoegeshwa juani akijua anaokoa mtoto anayekufa, kumbe riboni. Huyo polisi alikuwa na akili zake zote.

Utaniuliza, sawa, huyo alidanganyika kwa kuwa hakujua, ila mwenzangu anajua na bado anaufunika blanketi usipate baridi, inakuwaje? Inakuwa hivi, kujua na kuhisi ni vyumba viwili tofauti na mlango kati yake haufungi vizuri. Mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake waliwahi kuwapa watu vishale wavirushe kwenye picha, na picha ikiwa ya mtu wanayempenda shabaha ilikuwa mbovu zaidi, wakati kila mmoja anajua ile ni karatasi. Jaribu mwenyewe kuchukua picha ya mama yako umtoboe macho kwa sindano. Huwezi, si ndio? Na hujaugua chochote.

Huko kusisimka mwili nako usikupe shida. Mjapani mmoja wa mambo ya roboti, Masahiro Mori, aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kinavyozidi kufanana na binadamu tunakipenda zaidi na zaidi, mpaka kikifika karibu sana ila bado kidogo, mapenzi yanaporomoka ghafla tunaanza kuogopa, maana kinaanza kutukumbusha maiti. Mtoto asiyepumua. Wewe ulipoonyeshwa, ubongo wako ulisema mtoto, halafu ukatafuta kifua kinachopanda na kushuka haukukiona. Mwenzako ameshazoea, na zaidi ya kuzoea, yeye amevaa miwani ya fundi, anaangalia nywele zimechomekwa vipi.

Kuhusu mama, mwambie shikamoo yangu, ila huko pwani kwetu wenyewe midoli ya kulelewa si mambo mageni. Wazaramo wana mwana hiti, kijimti kilichochongwa kiwiliwili bila mikono wala miguu, chenye kichwa na matiti na nywele zilizopangwa, ambacho mwali alipewa akiwa ndani, anakiogesha, anakipaka mafuta, anakitunza kama mtoto, kwa sababu ndivyo alivyofundwa umama. Marja-Liisa Swantz, yule mama wa Kifini aliyekaa Uzaramoni miaka ya 1960, ameyaandika haya vizuri sana. Waasante wa Ghana wana akua'ba, mwanamke anayetafuta mtoto anaubeba mgongoni. Na Wayoruba wa Nigeria, ambao kuzaa mapacha kwao ni jambo la kawaida kuliko karibu popote duniani, pacha mmoja akifa walikuwa wanachongesha ibeji, ambayo ajabu yake inachongwa kwa umbo la mtu mzima sio mtoto, na mama anaiogesha, anaivalisha shanga, anailisha, na ukienda makumbusho utakuta nyingine uso umelika umekuwa laini kabisa kwa kupapaswa miaka na miaka. Yule mama hakuambiwa kachanganyikiwa, aliambiwa aendelee kumtunza mwanawe.

Tofauti yao na mwenzako wa Yorkshire mimi naiona moja tu ya maana, kule jamii nzima ndiyo iliyokukabidhi, kuna bibi, somo, mganga au fundi aliyekuambia unabeba kwa sababu gani na mwali akitoka ndani kile kijimti kinarudishwa kwa wenyewe. Huyu wa sasa kanunua mwenyewe mtandaoni, anabeba mwenyewe, na hakuna wa kumwambia basi. Ndio maana akionekana mtu anastuka.

Sasa huyo mwenzako. Wengi wanafikiri lazima kuna mtoto alimfia, ila kiukweli wanaonunua riboni ni watu wa kila aina. Wapo waliopoteza mimba au mtoto, wapo ambao hawakuzaa, wapo ambao wanao wanne wakubwa wote wamehama na nyumba imebaki na friji inayonguruma, wapo wanaopunguza wasiwasi kwa ule uzito kifuani, na wapo wengi tu ambao kwao ni sanaa na ukusanyaji, kama mzee anavyokusanya redio za zamani. Kununua nguo ndogo, kupanga, kupiga picha, kukutana na wenzao, hiyo peke yake ni starehe ya kutosha. Mara nyingi sababu ni mbili tatu kwa pamoja na mwenyewe hazijui zote, na halazimiki kukueleza wewe uliyekuja kunywa chai.

Ugonjwa wenye jina la "kupenda mdoli" haupo, si kwenye kitabu cha magonjwa cha Shirika la Afya Duniani wala kile cha Wamarekani. Kilichopo ni huzuni ya msiba iliyokataa kutulia, hiyo imeingizwa rasmi kwenye vitabu vyote viwili miaka hii ya karibuni, na inaangaliwa kwa namna mtu alivyoshindwa kuishi baada ya miezi mingi, haiangaliwi kwa vitu alivyonavyo chumbani. Kwa hiyo mimi mtu akija na mdoli sihangaiki na mdoli, nauliza mambo mengine: unalala? kazini unaenda? ada ya watoto imelipwa au imeliwa na vinguo? ukiuacha nyumbani siku nzima unakuwaje? marafiki wapo au umewakimbia wote kwa sababu hawakuupenda? Na kama kuna msiba, je unaweza kumtaja marehemu kwa jina lake bila mdoli mkononi? Mtu anayefiwa halafu akatengeneza mdoli unaofanana nukta kwa nukta na mtoto aliyekufa, kwa kutumia picha yake, hapo ndipo mimi huwa nakaa mkao wa kusikiliza, maana unaweza ukamsaidia kushusha pumzi mwanzoni na unaweza pia ukamfungia mlango asitoke. Wataalamu zamani walifundisha kwamba kuomboleza ni kumuachia marehemu aende zake. Tangu miaka ya 1990 wengi tumehama huko, watafiti Klass, Silverman na Nickman walionyesha kwamba watu wanaendelea kuwa na uhusiano na marehemu wao na bado wakaishi vizuri tu, jambo ambalo mtu yeyote anayesoma hitima kila mwaka angewaambia bure.

Kwa maelezo yako mwenzako anafanya kazi, ana akili timamu, anakaribisha wageni. Mwache. Na hapa niseme kidogo, hasira ambazo watu wanazo kwa wanawake hawa zinanishangaza kuliko midoli yenyewe. Brazili mwaka 2025 ilikuwa kelele nchi nzima, wabunge wakaandika miswada ya kuzuia midoli isipelekwe hospitali za umma, na baraza la jiji la Rio upande wa pili likapitisha siku maalumu ya kuwaenzi mafundi wa riboni, meya akaikataa. Nchi ina matatizo yake lukuki. Mwanaume wa miaka hamsini anayelala na jezi ya timu yake na kulia ikifungwa hajawahi kuandikiwa mswada.

Haya, turudi kwa bibi, maana huyu ndiye kazi yako.

Dimensia inamfanya mtu aishi kama mgeni kila dakika. Anaamka chumba si chake, watu hawajui, mwili wenyewe haumsikilizi. Sasa mtu aliyeogopa anatafuta nini? Daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, alijibu hilo akianza na watoto, anatafuta mtu wake wa kumkimbilia, na aliyekuja kulitazama jambo hilo kwa macho nyumbani kwa watu ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth, tena alianzia Uganda, miaka ya 1950 katikati, anakaa na kina mama wa Kiganda anaangalia mtoto analia lini, anatambaa kwenda kwa nani, mama akitoka inakuwaje. Miaka mingi baadaye mwanasaikolojia Mholanzi, Bere Miesen, akaona wazee wenye dimensia wanauliza mama yangu yuko wapi, baba anakuja saa ngapi, wazazi waliokufa zamani, na akasema hawa hawasemi upuuzi, hawa wana hofu na wanatafuta pa kushika. Umeshawasikia wako hapo, najua, hasa jioni. Wengine wakipewa mdoli wanapata njia ya pili, badala ya kutafuta wa kunilinda napata wa kumlinda, na mikono iliyokuwa haina kazi inapata kazi. Bibi aliyelea watoto miaka ishirini anajua kubeba mtoto hata jina lake likiwa limempotea. Kule Newcastle, Uingereza, watafiti kina Ian James na Lorna Mackenzie walilifuatilia hili kwenye nyumba za wazee miaka ya 2000 na wakaona wengi wa waliouchukua mdoli wanatulia, wanaongea zaidi, na mahangaiko yanapungua. Tafiti zenyewe nyingi ni ndogo, usije ukaambiwa ni dawa. Kuna wazee wanaupokea na kuna wazee wanakutazama kama umewatukana, na hao wa pili usiwalazimishe.

Unaniambia ni kudanganya. Swali lako ni zuri kuliko unavyofikiri, na hapo hapo Yorkshire, Bradford, alifundisha Tom Kitwood, mtaalamu wa malezi ya wenye dimensia, ambaye kwenye orodha yake ya namna tunavyowavunjia wazee utu aliweka wazi wazi kuwahadaa na kuwafanya watoto. Kwa hiyo hauko peke yako. Ila angalia meneja anachokuomba na angalia unachoweza kufanya badala yake. Daktari wa watoto Donald Winnicott aliandika kuhusu lile blanketi chafu ambalo mtoto mdogo haliachi, akasema watu wazima tuna makubaliano ya kimya kimya na mtoto, hatutamuuliza kamwe kama hicho kitu amekitunga kichwani au amekikuta duniani. Hilo swali haliulizwi. Kwa bibi fanya hivyo hivyo. Usimwambie "hili ni doli bibi", usimwambie pia "mwanao amelala vizuri" kama inakukwama kooni. Subiri uone yeye anakiitaje, na wewe zungumza na yeye, usizungumze na mdoli. "Naona unampenda sana." "Umemshika vizuri." "Mikono haijachoka?" "Wako walikuwa wanalia usiku?" Hakuna hata sentensi moja hapo ya uongo, na hapo kwenye hilo la mwisho utashangaa utakavyosimuliwa. Naomi Feil, mtaalamu wa kuhudumia wazee, alifundisha kitu cha namna hii kwa wazee maisha yake yote, kwamba unaifuata hisia, ukweli wa kalenda unauacha ukutani.

Mambo ya vitendo sasa. Mdoli usimkabidhi mtu mkononi kama unampa dawa, uweke kwenye kiti au mezani autwae mwenyewe akitaka. Wenye macho wazi ni bora, wenye macho yaliyofumba wazee wengine wanahangaika kwamba mtoto haamki, na ule unaolia kwa betri usiuingize kabisa humo ndani, hauzimiki kichwani mwake. Ukitaka kuuosha omba ruhusa, na usiunyanyue kwa mguu mmoja mbele yake wala usiutupe kitandani, atakuona unamtupa mtoto na atakuwa na haki ya kupiga kelele. Angalia chakula, wapo wanaompa mtoto sahani yote wao wakabaki na njaa. Angalia wazee wawili kugombea mmoja, hiyo vita naijua, nunueni wa pili usiofanana. Na angalia sana hili ambalo mimi ndilo linaloniudhi kwenye haya mambo: bibi akishatulia wafanyakazi wanaacha kumpitia. Mdoli unakuwa yaya. Halafu siku akianza kuhangaika ghafla mnamsukumia mdoli tena, kumbe ana maumivu, au ana choo kigumu, au maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa wazee yanawachanganya kabisa. Kwanza mtazame yeye, mdoli baadaye.

Binti yake usimlaumu. Huyo anamuona mama yake yupo na hayupo, mtaalamu wa mambo ya familia Pauline Boss anaiita hali hiyo upotevu usio na uhakika, huwezi kulia msiba na huwezi kufurahi, na juu ya hapo jina la mdoli linakumbukwa, la kwake limesahaulika. Nani asingelia? Akija mkamate mlangoni kabla hajaingia, mwambie leo mama yuko vipi na kama mdoli upo mkononi, asikutane nao ghafla. Halafu muulize, kama bado hakuna aliyemuuliza, na hili lilipaswa kufanyika kabla ya mdoli kutolewa: mama alizaa watoto wangapi, kuna aliyemfia? Kama yupo, mnaweza kuwa mnamfungulia bibi kidonda kila asubuhi bila kujua, na hapo mdoli unaondolewa taratibu kwa mpango, hauondolewi usiku akilala. Kama hayupo, mpe binti nafasi ya kukaa pembeni ya mama yake na kuulizia alivyomlea yeye. Wengine wakishafanya hivyo mara moja wanaacha kuchukia, wengine hawaachi, na akisema hataki msimsute, mpelekeni kwa meneja wazungumze mpango wa huduma kwa maandishi, hayo si mzigo wa kijana wa shifti.

Na yule mwenzako akikukaribisha tena nenda, ana ukarimu huyo, kukuonyesha vitu ambavyo anajua vitachekwa si jambo dogo. Akikupa mmoja ubebe na hutaki, mwambie tu mi naogopa, macho yao yananitisha. Atacheka. Wameshazoea kuambiwa hivyo.